Chungwa, Ufunguo, Mvua

Mwanangu Saida,

Shikamoo yako nitaipokea kesho kwa mdomo, kwa hiyo hapa salamu naziruka niokoe karatasi. Naandika nikiwa dukani, nimekalia boksi la chupa za chai, jua la alasiri bado linawaka, na tayari nimenyanyuka na kukaa, nimenyanyuka na kukaa, mpaka mama mmoja aliyekuja kuulizia masufuria akaniuliza kama nina jipu. Nikamwambia nina binti anasafiri kesho. Akasema, "Basi afadhali lingekuwa jipu, lingetumbuliwa." Huyo nimemfungia mzigo wake vizuri kuliko wateja wote wa leo.

Mpango wangu ni huu. Barua hii nitaikunja niisokomeze ndani ya kiatu chako cha kushoto, vile viatu vizito vya baridi ulivyochagua kwenye mitumba ya Mchikichini. Utaikuta ukishafika Uholanzi, ndege imeshatua, na huwezi kugeuza haraka. Hilo la kiatu lishike, nitalirudia. Mambo ya soksi mbili, ya kula kwa wakati na ya kupiga simu, mama yako ameshayasema na anaendelea kuyasema. Nadhani hata hapa Mtaa wa Kongo yanasikika. Mimi nina yangu.

Nianze na kujisifu, maana leo sioni mwingine wa kunifanyia kazi hiyo. Baba yako ameishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe aliingilia dirishani. Lakini nimefika Guangzhou nikaagiza vyombo kwa vidole na kucheka. Nimelala Dubai. Nimepotea Istanbul nikarudi na marafiki. Hapa Kariakoo ukitaja sufuria watu wananyoosha kidole dukani kwangu, hata wale wanaonichukia. Na bado, kwa miaka mingi, mtu akiniuliza binti yako anasomea nini, bingwa mimi nilikuwa nakwama kama mtoto wa chekechea.

Mwanzoni nilisema udaktari. Ukanikataza. "Baba, mimi sitibu watu. Mimi natafiti." Nikahamia kwenye kutafiti vichwa vya wazee. Mzee Shirima, jirani yangu wa duka la mchele, akacheka mpaka akashika mlango.

"Vichwa vya wazee vina nini cha kutafiti, bwana? Vina mvi na upara. Mwambie aje kwangu, nitampa vyote viwili kwenye kichwa kimoja."

Halafu wakaja panya. Unakumbuka ulipoanza kazi maabara, unarudi nyumbani unanuka dawa, mama yako akakuuliza unashinda unafanya nini, ukasema unalea panya. Nikaweka kijiko chini. Nikasema tumemsomesha mtoto mpaka chuo kikuu akafuge panya, na hapa sokoni tungempa bure, tena wenye uzoefu wa kazi. Ukasema hawa si panya wa kawaida, hawa ni wazee.

"Panya mzee unamjuaje? Anakohoa?"

"Anasahau njia ya kwenda kwenye chakula, baba. Jana aliijua, leo anafika njia panda anasimama."

Nilicheka siku ile mpaka wapangaji wakagonga ukuta. Leo kichekesho hicho kimenikalia vibaya, na sababu nitaifikia. Subiri, kuna mtu anaulizia mabeseni.

Nimerudi. Hakununua, alikuwa anapoza miguu tu.

Aliyenipa akili ya kuielewa kazi yako si wewe, ni bandari. Ulinikuta hapa dukani nimefura, kontena langu limeshushwa melini limekaa bandarini, karatasi za forodha hazijakamilika, na rafu zangu tupu. Wateja wanapita wananiangalia kama mtu aliyefiwa. Wewe ukakaa hapa hapa kwenye maboksi ukaanza kunieleza kwa upole, kama mtu anavyozungumza na mwenzake aliyeumwa na nyuki. Ukasema ubongo ni mdogo lakini ni mlaji mkubwa, na chakula chake kikuu ni sukari iliyomo kwenye damu. Ukasema kuna watu wakizeeka sukari inakuwepo, damu imejaa tele, lakini ubongo hauichukui kama zamani. Unakaa na njaa, na chakula kiko mlangoni.

Nikakwambia, "Hapo umenisema mimi. Mzigo umefika bandarini, haujatoka. Duka linakufa na kontena naliona kwa macho."

Ukasema, "Si hivyo kabisa, baba. Lakini si mbali."

Muda haukupita nikasikia umeutumia mfano wangu mbele ya maprofesa. Tangu hapo nimemwambia kila mtu, kuanzia mitaa ya Gerezani mpaka Feri kwenye pantoni, kwamba utafiti ule tuliuandika wawili. Usije ukakana huko Ulaya.

Lakini mimi na wewe tunajua kazi hiyo haikuanzia chuoni. Ilianzia ukumbini kwetu, Mtaa wa Narung'ombe, kwa bibi yako Tatu, mama yangu, Mungu amrehemu. Mwanamke aliyewajua wateja wake wa vitumbua kwa mlio wa kandambili. Mtu hajafika kona, yeye ameshaweka vyake kwenye gazeti, vilivyoungua kidogo kama anavyopenda. Kisha siku moja tukaamka tukakuta ameroweka mchele ndoo nzima, na biashara ile alikuwa ameshaiacha zamani, meno ya wateja wenyewe yameshaisha. Akawa ananiita kwa jina la marehemu baba yangu na kunigombeza kwa makosa ambayo kusema kweli yalikuwa ya marehemu.

Alikuwa na kisukari, sote tulijua. Kwa hiyo kila alipochanganyikiwa tulisema sukari imeshuka. Daktari mkuu nilikuwa mimi. Naagiza soda baridi, anakunywa, anatulia, na mimi napokea pongezi. Wewe ulikuwa bado na sare ya sekondari. Ulisimama na begi mgongoni ukauliza neno moja.

"Mmeipima?"

Mama yako akakukodolea macho. Mimi nikasema mtu ukiishi naye huhitaji kumpima. Nililisema vizuri, mwanangu, hata leo nikilirudia linapendeza, na halikuwa na maana yoyote. Ulikwenda kuazima kipimo cha kidole kwa jirani, ukarudi, ukamchoma bibi yako taratibu, na sukari ilikuwa juu, juu sana, na chupa ya soda iko mezani tupu. Hukunisema. Uliichukua ile chupa ukaitoa nje. Mimi kwa hesabu zangu, siku ile ndiyo uliyoajiriwa.

Miaka ikapita, ukawa unasoma shahada ya pili, na utafiti wako ukakuleta mtaani kwetu. Ulitaka upime sukari za wazee, halafu uwapime kumbukumbu, uone kama viwili hivyo vinatembea pamoja. Wazee wa kwetu hawamfungulii mtu mwenye koti jeupe. Wengine walisema unaandikisha vichaa. Nikakwambia niachie mimi, ondoa koti, vaa khanga yako, anza na bibi yako watu waone.

Bibi mwenyewe alikubali. Alisema sindano haiwezi kumtisha mtu aliyenizaa mimi. Nikakaa pembeni kama mwenyekiti wa mtaa. Ukampa maneno matatu, ukamwambia ayashike, utamwuliza baadaye. Chungwa. Ufunguo. Mvua. Akayarudia, tena kwa madaha. Mkaongea habari za siku na mwezi. Ukamwomba achore saa, akachora duara zuri kama kitumbua, mishale akaisahau. Kisha ukasema, "Haya bibi, yale maneno yangu matatu?"

Akakuangalia. "Maneno gani, mjukuu wangu? Uliniachia maneno?"

Halafu akaniangalia mimi.

Saida, mimi nimeangaliwa na watu. Nimeangaliwa na maaskari wa uwanja wa ndege wanaofungua mabegi yangu moja moja, nimeangaliwa na baba yake mama yako siku niliyokwenda kuposa na viatu vya kuazima. Lakini mama yangu alikuwa hajawahi kuniangalia akiomba nimwokoe. Yeye ndiye aliyekuwa anatuokoa sisi. Wewe ulikuwa umeinamia karatasi zako. Mimi nikafumbua midomo bila sauti: chungwa.

"Chungwa," akasema, na uso wake ukarudi mahali pake.

Ukasema, "Vizuri sana, bibi," ukaandika. Sijui kama uliona. Miaka yote hii hukuniuliza, nami sikukwambia.

Kilichofuata unakijua, mtaa mzima unakijua, kimekuwa kichekesho cha kahawa. Upande wangu tu ndio hujausikia. Jioni ile ile nilipita kwa wazee kabla yako. Nikawakuta kwenye kahawa na kashata zao, nikawaambia Saida ni mtoto wetu, anakuja na mtihani, sisi watu wa Kariakoo hatuwezi kumwaibisha mbele ya chuo kizima. Wakaniuliza mtihani wenyewe ukoje. Nikawafundisha. Maneno matatu tukayaimba. Saa nikaichora kwenye kifuniko cha boksi, kubwa, mishale imenyooka, nikaiegemeza ukutani. Siku na mwezi nikawa nawakumbusha kila nikipita, kama muadhini.

Sikuona ubaya wowote. Huku kwetu mteja akija, nzuri zinapangwa juu na mbele, mbovu chini. Nyanya ni hivyo, sufuria ni hivyo, hata harusini wajomba wazuri wanakaa safu ya kwanza. Basi mimi nikawapanga wazee.

Aliyetuuza ni Mzee Shirima. Ulifika kwake na sabuni zako za shukrani kwenye kikapu, mimi niko mlangoni kwangu nasikia kila neno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Chungwa, ufunguo, mvua. Sabuni yangu iko wapi?"

"Mzee, sijakuuliza bado."

"Najua, mama. Nimekuokolea muda, wewe una watu wengi."

Ukavuka ukaja kwangu. Hukupiga kelele, na ingekuwa afadhali upige. Ulisimama hapo kwenye mabeseni na kikapu chako.

"Baba, ni wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Uliowafundisha."

"Wote," nikasema, na nilisema kwa fahari, nikisubiri asante.

Uliokota kifuniko kimoja kilichoanguka ukakirudisha. Ndipo ukasema, "Baba, wewe umenipangia nzuri juu. Mimi kazi yangu ni zile za chini."

Karatasi zote za Kariakoo zikatupwa. Ulimweleza msimamizi wako ukweli mzima, hukunificha na hukunitetea, ukaanza upya Temeke kwa watu wasionijua, na nafasi ya kwenda nje mwaka ule ikaenda kwa mwenzako. Mimi nikakuletea nyumbani seti nzima ya masufuria yenye vifuniko vya kioo. Ukacheka, ukasema, "Baba, mimi nakula mgahawani." Hukuelewa, mama. Hivyo ndivyo mimi ninavyolia.

Sasa nimehamia barazani kwetu. Duka nimefunga mapema, Mzee Shirima akaniuliza kama kuna msiba, nikamwambia kuna safari. Magharibi imeshapita. Ndani nasikia zipu ya begi lako inafungwa, inafunguliwa, inafungwa. Mama yako amegundua umeacha bizari. Nimekwenda mpaka kona nikarudi, sikuwa na shida ya kona.

Kwa muda mrefu nilipokuwa nawasimulia watu habari ile, nilijiweka kama baba aliyependa kupita kiasi. Watu wanacheka, wananipenda zaidi, na mimi nawapa kahawa. Lakini nikiwa peke yangu haichekeshi hivyo. Sikuwafundisha wazee kwa ajili yako. Niliwafundisha ili mama yangu asiwe peke yake. Kama mtaa mzima ungepata majibu yote, basi na yeye angekuwa mmoja wa waliopata, na ule mtazamo wake ungekuwa haukutokea. Nilitaka kuufuta mtazamo mmoja, nikafuta kazi yako ya mwaka.

Na bibi yako haikumsaidia. Nafikiri sana juu ya hili. Muda ule niliokuwa nazunguka kufundisha watu wazima waliokuwa na akili zao timamu, ningekuwa nimekaa naye. Alikuwa bado ana mengi. Alikuwa bado anajua kumenya embe kwa kisu bila ganda kukatika. Mimi nilikuwa na shughuli ya kuonyesha kwamba haumwi.

Huko unakoenda umesema kuna mashine mtu analazwa ndani yake, na nyinyi mkiwa nje mnaona sukari inavyoingia kwenye ubongo na pale isipoingia. Ulipoifungua picha yake kwenye simu ukaniambia hapa panawaka, hapa pamefifia, uso wako ulikuwa kama wa bibi akisikia kandambili ya mteja. Mimi mashine siijui. Najua watu. Utawakalisha wazee wa Kizungu, utawapa maneno matatu ya kwao, na wengine watakuuliza kama uliwaachia maneno. Hapo usimwangalie yeye peke yake. Mwangalie na aliyekaa pembeni, mke au mtoto. Huyo ndiye atakayekudanganya, na hatakuwa mtu mbaya. Mpe kiti cha mbali, lakini mpe na chai.

Na wewe mwenyewe siku moja utapata majibu yasiyopendeza, baada ya kazi ya miaka. Utatamani kupanga. Una damu yangu, usijidanganye. Kumbuka kile kifuniko cha boksi na saa yangu nzuri, mishale imenyooka, na haionyeshi saa yoyote.

Haya, la kiatu.

Umeniomba tangu wiki iliyopita, "Baba, kabla sijaondoka kaa nikupime." Nikasema mimi ndiye mwalimu wa mtihani huo, mwalimu hapimwi. Ukacheka, kesho yake ukaniomba tena. Kila ukitoa zile karatasi mimi nasikia mtu ananiita dukani. Jana ulizitoa nikaenda kumsaidia mtu kusukuma gari, na gari lile lilikuwa linawaka vizuri tu, dereva mwenyewe alinishangaa.

Nilikwenda Feri siku za karibuni kununua samaki, mama yako alitaka changu. Nikajikuta ndani ya pantoni. Katikati ya maji, Saida. Nimesimama kati ya wenye baiskeli na mama wenye ndoo, na sijui naenda Kigamboni kufanya nini. Sina ndugu Kigamboni, sina hata adui. Watu wakashuka, nikashuka nao, nikafika pale njia zinapogawanyika nikasimama. Kijana wa bodaboda akaniuliza, "Mzee, wapi?" Mimi, mtu wa Guangzhou, nikamwambia namsubiri mwenzangu. Nikageuka nikarudi na pantoni ile ile, na katikati ya maji ndipo samaki wakanirudia akilini. Mama yako nilimwambia changu wameadimika.

Na bei. Zamani ungeniamsha usingizini ningekutajia bei ya kila sufuria kwa ukubwa wake. Sasa nachungulia chini ya kitako cha sufuria kwanza, na nimejifunza kuchungulia kwa namna ambayo mteja anadhani namwonyesha ubora.

Huenda si kitu. Huenda ni uchovu, huenda ni sukari, huenda ni kwa sababu binti yangu anaondoka na akili yangu imetangulia uwanja wa ndege. Sijui. Sijapima. Umesikia mtu mwenyewe anavyojieleza, na unalijua swali lako.

Niliona nikikwambia kabla ya safari utaahirisha. Nakujua. Utakaa hapa unanichunga, nafasi itakwenda kwa mwingine mara ya pili, na mara zote mbili kwa ajili yangu. Kwa hiyo nikasema kiatu. Asome akiwa mbali, alie kidogo, apige simu, mimi nimchekeshe, aendelee na mashine yake.

Nimeandika mpaka hapo, nikaingia ndani. Wewe ulikuwa kwa jirani unaaga. Viatu viko mlangoni pembeni ya begi. Nikaikunja barua nikaijaribu kwenye kiatu cha kushoto nione kama inaenea. Imeenea vizuri sana. Mama yako akapita na doti ya khanga mkononi.

"Unamfichia nini mtoto?"

"Karatasi tu, kiatu kisibonyee."

"Wewe na kupangapanga kwako," akasema, akaenda zake.

Hajui alichosema. Mimi nimebaki nimechutama pale kama mwizi wa msikitini, mkono ndani ya kiatu, na nikaona nafanya nini. Nakufundisha majibu. Nakupangia nzuri juu, Saida, mara nyingine tena, na hii ya chini naisukumia kwenye ncha ya kiatu.

Nimeitoa. Nimerudi nayo barazani, na haya ninayaandika juu ya goti, isha imeshaswaliwa na mimi sijaswali bado.

Kesho gari litakuja baada ya chai. Nitakupa barua hii mkononi kabla hujamimina kikombe. Utaisoma mbele yangu, mimi nitajifanya naangalia barabarani. Ukifika hapa, toa kile kipimo cha kidole, toa na karatasi zako. Nitakaa. Hakuna atakayeniita dukani, nimempa Mzee Shirima ufunguo na nimemwambia asiniletee kichwa chake mpaka mchana.

Nitakachopata nitakipata mbele yako, kizuri au kibaya, kikiwa na uso wake. Nikikosa maneno, nitayakosa, na nitakuangalia wewe, na nakuomba usinisaidie. Halafu utaamua mwenyewe, kupanda ndege au kutopanda. Mimi naomba upande. Naomba kwa moyo wangu wote, kama kuna mwenzako pale maabara wa kunifuatilia nitamwendea mwenyewe kwa miguu yangu, na kila atakachoniambia nitakwambia kama kilivyo. Lakini ni ombi, Saida. Nilitaka kulifanya liwe mtego, nimeghairi.

Mama yako asikae pembeni yangu. Mtafutie kazi jikoni, mwambie bizari imemwagika. Ananipenda mno yule, atanipa majibu.

Na utunge maneno mengine, mama. Yale matatu hayafai kunipimia. Nitakuwa nayo hata siku nitakayosahau njia ya kwenda kwenye chakula.

Baba yako, ambaye kwa usiku huu bado hajapimwa.